Jiwe Lililokataa Maji

Jiwe lilikatika lenyewe mikononi mwa mwosha mawe, saa tatu asubuhi ya Jumanne, likatoa sauti kama ya kijiti kikavu. Mwanamke yule alisimamisha brashi. Kukatika kwa mawe hakukuwa jambo geni kwake. Alikuwa na miaka tisa katika kazi hiyo. Kilichomshtua ni harufu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtambo wa kutafuta mafuta ukishachimba kwenda chini sana, huukata mwamba na kupandisha jiwe refu la mviringo, nene kama mkono wa mtu mzima. Pale kambini jiwe hilo waliliita kiini. Kiini kilikatwa vipande, kikalazwa kwenye masanduku ya mbao yenye namba za kina, kisha kikaletwa bandani kimejaa tope. Yeye aliosha. Kuangalia ilikuwa kazi ya wengine. Walimwita Mama Brashi, naye hakuchukia, maana pale kambini kuna waliobandikwa majina mabaya zaidi.

Tope la kuchimbia lilichanganywa na dizeli, kwa hiyo banda zima lilinuka dizeli, na hata nguo zake alizoanika nyumbani zilinuka dizeli. Harufu hiyo aliijua kama anavyojua harufu ya mumewe. Hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa nzito, tamu kidogo, na ilitoka ndani ya jiwe, pale lilipokatika, mahali ambapo brashi wala tope havijawahi kufika.

Alilimwagia maji. Maji hayakuingia. Yalijikusanya matone matone, yakateleza juu ya ule mpasuko kama yamemwagwa kwenye sufuria yenye mafuta. Akamwaga tena. Yakakimbia tena.

"Karani!" aliita. "Karani, njoo uone!"

Karani wa sampuli alikuwa bwana mmoja mnene mwenye kalamu tatu mfukoni. Tangu mtaalamu wa miamba ahamishwe ili kupunguza gharama, yeye ndiye aliyekuwa akijaza daftari la viini. Alikuja taratibu, akachungulia kutoka mbali.

"Dizeli," alisema.

"Dizeli iko nje, karani. Hii iko ndani. Nusa."

"Ninuse nini? Mimi mbwa?" Wafungaji masanduku wawili walicheka. "Mama, mtambo unafunguliwa vipande vipande, Jumamosi tunaondoka. Kisima ni kikavu. Wewe osha, lijae sanduku, twende nyumbani."

Mama Brashi alirudi kwenye karai lake. Alifuta mikono, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akachukua kipande kidogo cha jiwe lile, cha ukubwa wa dole gumba, akakitia kwenye mfuko wa aproni.

*

Nyumbani kwao kulikuwa na vyumba viwili na ukumbi. Mumewe, ambaye ni dereva wa lori la maji pale pale kambini, alikuwa amekaa karibu na mlango akivua viatu. Dada yake dereva, mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, alikuwa amejaza meza madaftari ya wanafunzi. Jua lilikuwa bado halijazama.

"Wifi," Mama Brashi alimwambia mwalimu, "acha kwanza hizo sifuri unazogawa. Niambie hiki ni nini."

Aliweka kipande mezani. Mwalimu alikinusa. Akakinusa tena. Akavua miwani.

"Umekitoa wapi?"

"Kina cha mita elfu mbili na themanini."

"Hicho ni mali ya kampuni," dereva alisema, kiatu kimoja mkononi. "Mke wangu, umeiba jiwe?"

"Nimeazima."

"Jiwe haliazimwi!"

Lakini mwalimu alikuwa ameshasimama. Alichukua nyundo ya kupondea mkaa, akakipasua kipande katikati, akachagua punje za ndani kabisa, akazifunga katika karatasi nyeupe na kuiweka juu ya mfuniko wa sufuria iliyokuwa ikichemka. Wote watatu waliinama kutazama, vichwa vikigusana. Hawakungoja sana. Doa la rangi ya chai lilitokea kwenye karatasi, likatanuka, likaifanya karatasi ipitishe mwanga.

"Ee!" mwalimu alipiga kofi. "Ee, wifi yangu!"

"Si dizeli?"

"Dizeli ingepaka nje. Tumechukua ya moyoni. Hii imezaliwa humo."

"Mafuta yazaliwe kwenye jiwe?" dereva aliuliza. "Mimi siku zote nilijua ni ziwa. Unatoboa, unalikuta ziwa limetulia chini."

"Miaka sita unabeba maji ya kuchimbia, kaka yangu, hujui unachimbia nini?" Mwalimu alivuta kiti, na alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ile ya darasani, ila kwa kasi zaidi. "Sikilizeni. Zamani sana, kabla ya mtu, kabla hata ya ndovu, hapa tulipokaa palikuwa bahari. Humo waliishi viumbe na vimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Vilikula jua. Vikifa, vilizama chini, tope likavifunika. Tope juu ya tope, mamilioni ya miaka. Hewa haikufika, kwa hiyo havikuoza vyote. Na huko chini, kadiri unavyoshuka, ndivyo kunavyozidi kuwa na joto."

"Kama chungu kilichofunikwa," alisema Mama Brashi.

"Hasa! Moto ukiwa mdogo, hakiivi. Ukizidi, kinageuka gesi. Ukiwa wa kadiri, unapata mafuta. Kisha mafuta, kwa kuwa ni mepesi, yanapanda polepole, yanapenya kwenye vitundu vya jiwe la mchanga, mpaka yakutane na udongo mgumu juu yake. Hapo hayapiti. Yanakaa humo humo kwenye vitundu, kama maji kwenye sponji."

"Na makaa ya mawe?"

"Hayo ni misitu. Miti ya kwenye vinamasi ilianguka, ikafunikwa, ikabanwa, ikageuka jiwe jeusi. Lakini habari ni moja: jua la zamani limefichwa ardhini. Ukiwasha taa ya kibatari, ukiwasha lori lako, ukiona umeme wa jenereta pale zahanati, ni jua lile lile linatoka."

Dereva alifikiri kidogo. "Kwa hiyo mimi naendesha maiti."

Wanawake wale walicheka mpaka mwalimu akashika mbavu. Kisha akasema kwamba hata moshi wa mafuta ni wa zamani hizo, nao ukishapanda haurudi upesi, ndiyo maana haifai kuyachoma ovyo ovyo. Lakini macho yake hayakutoka kwenye lile doa.

"Jumamosi wanaondoka," dereva alikumbusha, na kicheko kikaisha. Wakiondoka, yeye na mkewe wote wawili hawana kazi. Watu watatu ndani ya nyumba, kwa mshahara mmoja wa mwalimu ambao wenyewe hufika kwa kuchechemea.

"Kesho nakirudisha," alisema Mama Brashi, "na nakwenda kwa mkuu wa kambi, Mhandisi mwenyewe."

"Mhandisi hajui hata jina lako."

"Atalijua."

*

Asubuhi iliyofuata ndiyo waliyoichagua kupekua watu. Kwa kawaida mlinzi wa getini hupekua wanaotoka. Lakini vifaa vya mtambo vilikuwa vimeanza kupotea, amri ikaja kwamba kila mtu apekuliwe, awe anaingia au anatoka. Mama Brashi alishuka kwenye lori la mumewe kama wafanyakazi wengine, akapanga foleni. Mlinzi alifungua mkoba wake, akatoa leso, akatoa chupa ya maji, akatoa karatasi, na ndani ya karatasi mkawa na jiwe.

"Hiki nini?"

"Kiini. Nakirudisha."

"Unarudisha? Kwani kilitoka vipi?"

Mlinzi aliliweka jiwe juu ya meza, akaandika kwenye daftari, MALI ILIYOKAMATWA, akamwamuru asimame pembeni ya meza mpaka atakapoitwa. Wafanyakazi wakaanza kupita mbele yake mmoja mmoja. Wengine walitazama chini kwa haya. Mmoja wa wafungaji masanduku alisema, kwa sauti ya kusikika, "Mama Brashi amehamia kwenye vito," na waliokuwa nyuma wakacheka.

Karani alifika na kalamu zake. Alipoliona jiwe, akasikitika kwa kichwa. "Nilikwambia uoshe tu, mama. Sasa umejiosha mwenyewe kazi." Akasema amezungumza na Mhandisi kwa simu, na Mhandisi amesema hana nafasi, Mama Brashi arudi nyumbani, asiingie tena kambini.

"Nataka kumwona dakika moja."

"Amesema hana nafasi."

Mama Brashi hakulia. Alibana midomo tu, akatazama lile lori la maji lililokuwa likingoja kufunguliwa geti, na mumewe aliyekuwa nyuma ya usukani.

Dereva alikuwa mtu wa kukwepa shari. Katika miaka sita hakuwahi kuchelewa, hakuwahi kubishana, na siku walipompunguzia posho aliitikia "sawa bosi" kabla bosi hajamaliza sentensi. Mkewe alijua hilo, na kwa kweli alilitegemea. Nyumba haiwezi kuwa na wakali wawili. Kwa hiyo alipoliona lori likisogea, alidhani anaingia kazini.

Lori lilisogea mpaka katikati ya geti, likakunja kidogo, likasimama kwa ubavu. Injini ikazimwa.

"We dereva!" mlinzi alipiga kelele. "Toa lori!"

"Limeharibika."

"Limeharibika nini?"

"Sijui." Dereva alichomoa ufunguo, akautia mfuko wa shati, akafunga na kifungo. "Nadhani linamsubiri Mhandisi."

Nyuma yake yalikuwa yamefika malori matatu makubwa, yaliyokodishwa kwa siku kuja kubeba vyuma vya mtambo. Yakaanza kupiga honi. Mlinzi alizunguka lori la maji kama mtu aliyepoteza mlango. Lilikuwa limejaa, kulisukuma hakuwezekani. Wafanyakazi walirudi kutoka ndani kuja kutazama. Honi zikawa nyingi hata mbwa wa mtaani wakaitikia.

"Mume wangu," Mama Brashi aliita kutoka mezani, "unafanya nini?"

"Hata mimi sijui," alijibu, akiung'ang'ania usukani. "Lakini nimeshaanza!"

*

Mhandisi alikuja kwa miguu, jasho likimtoka, kofia ngumu imekaa upande. Alikuwa mrefu, mwenye macho mekundu ya mtu aliyekuwa akijieleza makao makuu kwa wiki mbili kwa nini kisima cha saba nacho kimekuwa kikavu. Alianza kupaza sauti akiwa bado mbali. Alimtukana dereva, akamtukana mlinzi, akauliza ni nani hasa aliyeanzisha upuuzi huu.

"Ni mimi," alisema Mama Brashi.

"Wewe ni nani?"

"Ndimi ninayeosha mawe yako. Mheshimiwa, jiwe la mita elfu mbili na themanini linakataa maji."

"Nini?"

"Nikilimwagia maji, hayaingii. Na harufu iko ndani, si nje. Dizeli ya tope inapaka nje. Lipasue katikati. Kama ndani ni kukavu, mume wangu atatoa lori na mimi mwenyewe nitakwenda polisi kwa miguu yangu."

Kuna maneno ambayo mtu akiyasikia, hata awe na hasira ya namna gani, elimu yake humgeukia na kumuuliza: je? Mhandisi alimtazama karani.

"Kiini hicho kilipitishwa kwenye taa?"

Karani aliziba kalamu zake kwa kiganja. "Taa... globu yake iliungua, mzee. Tangu mwezi uliopita. Niliandika 'mchanga mkavu' kwa kuangalia."

"Kwa kuangalia!"

"Kulikuwa na globu mpya stoo, ila fomu yake—"

"Kailete! Kimbia!"

Karani, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alikimbia.

Taa yenyewe ilikuwa ndani ya sanduku jeusi lenye pazia, mahali pa kuingiza jiwe na tundu la kuchungulia. Mwanga wake ni wa zambarau, na mafuta ya ardhini yakiangukiwa na mwanga huo hung'aa yenyewe. Bandani walijaa watu mpaka mlangoni. Mlinzi naye alikuja, ameshika jiwe lake kwa mikono miwili kama ushahidi wa mauaji. Mhandisi hakulitaka hilo. Aliagiza sanduku zima la kina kile, akatoa kipande kirefu, akakipiga nyundo. Kikapasuka. Ile harufu ikatoka, na safari hii kila aliyekuwa karibu aliisikia.

Mhandisi aliingiza kipande, akavuta pazia, akainama kwenye tundu. Mabega yake yalikuwa hayatikisiki. Mama Brashi alimsogelea.

"Mheshimiwa?"

Aliligeuza jiwe upande mwingine.

"Mheshimiwa, ni dizeli?"

"Dizeli huwa na ubuluu hafifu," alisema Mhandisi, akiwa bado ameinama, sauti imekauka. "Njoo utazame."

Akampisha. Katika miaka tisa, hakuwahi kuweka jicho lake kwenye tundu lile. Aliinama. Ndani ya giza, jiwe lile la kijivu, la kawaida, aliloliosha na kulilaani kwa uzito wake, lilikuwa linawaka rangi ya asali. Si madoa. Lote. Kutoka ukingo hadi ukingo, punje kwa punje, kama kuna mtu amewasha taa elfu humo ndani.

"Mama yangu," alinong'ona.

"Lete la chini yake!" Mhandisi alipiga kelele. "Na la juu! Yote!"

La chini yake likang'aa. La chini zaidi likang'aa. Walipasua, wakachungulia, wakapasua, na kila mara walipolia "yapo!" banda zima lililia nao. Masanduku kumi na moja yalikuwa hivyo, moja baada ya jingine, na juu yake udongo mgumu wa kijivu usiopitisha kitu. Mfuniko. Mama Brashi alicheka peke yake alipouona, akimkumbuka wifi yake na chungu. Mhandisi alitoka mbio kuelekea kwenye mtambo, kofia ikamwanguka, hakuiokota, akawa anapunga mikono hewani: "Acheni! Msifungue! Rudisheni hilo bomba!" Watu wa mtambo, spana mikononi, walidhani amepatwa na wazimu.

Pale getini, dereva alikuwa bado amekaa ndani ya lori. Alipomwona mkewe anamjia akikimbia, amekunja khanga hadi magotini, alifumba macho.

"Tumefungwa?" aliuliza.

"Teremka," alisema mkewe akihema. "Teremka, mwanamume wewe, nikukumbatie!"

*

Wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, kisima kilifunguliwa kwa majaribio. Maturubai yalipigwa kwa ajili ya wageni waliotoka makao makuu, na wafanyakazi wakawekwa nyuma ya kamba. Mama Brashi alikuwa nyuma ya kamba. Barua yake ya kufukuzwa ilikuwa haijawahi kuandikwa, kwa hiyo haikuhitaji kufutwa, na hakuna aliyemwomba radhi. Mwalimu alikuja na darasa lake zima, watoto arobaini na wawili wamesimama kwenye kichuguu ng'ambo ya uzio.

Bomba refu lilielekezwa uwanjani, mbali na watu. Kwanza lilikohoa. Likatema tope, likatema maji. Likanyamaza muda mrefu hata mgeni mmoja akatazama saa yake. Kisha ardhi ikanguruma chini ya viatu, bomba likapiga mluzi, na ule moto mdogo uliokuwa umewashwa mdomoni mwake ukaruka juu, ukawa moto mkubwa wa rangi ya chungwa, unaounguruma, wenye joto lililofika hadi kwenye kamba. Moshi mweusi ukapanda. Kwenye bomba la pili, mafuta mazito ya kijani yakaanza kumiminika katika tangi.

Watoto kwenye kichuguu walipiga kelele za shangwe. Dereva alimshika mkewe bega, akawa anaruka kama mtu wa miaka kumi. Mama Brashi hakuruka. Alikuwa anatazama, mdomo wazi, jua la bahari ya kale likitoka mbele ya macho yake.

"Yuko wapi anayeosha mawe?"

Aliyeuliza alikuwa mkuu wa utafiti kutoka makao makuu, mama wa makamo mwenye viatu vilivyochafuka kweli kweli. Alipita chini ya kamba mwenyewe. Nyuma yake walikuwepo karani na Mhandisi.

"Ni mimi."

"Shikamoo ningekupa mimi, dada, kama umri ungeruhusu." Alitoa mkono. "Nimesoma maelezo ya Mhandisi. Ameandika kwamba *aligundua*. Nikamuuliza alijuaje pa kupasua. Akakutaja."

Mhandisi alitazama moto.

"Nina swali moja," mkuu wa utafiti aliendelea. "Kabla ya kisima hiki tuliviacha vingine sita, tukasema ni vikavu. Masanduku yake yapo ghalani, maelfu. Kuyapitia yote ni miaka. Nani aliosha viini vile?"

"Mimi."

"Vya visima vyote sita?"

"Vyote. Nilikuwa peke yangu."

"Basi niambie. Ile harufu, uliwahi kuisikia kabla?"

Dereva aliacha kuruka. Katika miaka yote tisa, hilo lilikuwa swali la kwanza mtu yeyote kumuuliza mkewe kuhusu alichokijua.

"Mara mbili," alisema Mama Brashi.

Mkuu wa utafiti alivuta pumzi. "Ulimwambia mtu?"

"Niliambiwa nioshe."

Yule mama aligeuka, akamtazama karani, na karani bila kuambiwa akachomoa kalamu, ya kwanza ikakataa kuandika, akachomoa ya pili. Mama Brashi alifumba macho. Alinyoosha mikono mbele yake, viganja juu, kama vile karai liko pale na jiwe liko ndani, na vidole vyake vikaanza kusogea, vikitafuta.

"Kisima cha tatu," alisema. "Lilikuwa jiwe la hudhurungi, lenye mstari mweupe kama uzi. Sanduku lina ufa kwenye kona. Andika."